Karatasi Iliyosema Acheze

Karatasi ilikuwa na mistari miwili, na Makuza alisoma mmoja tu. Tusimlaumu sana. Makuza husoma Biblia ya Kinyarwanda bila kukwama, na Kiswahili vilevile, lakini mstari wa pili ulikuwa Kifaransa kitupu, tena kwa mwandiko wa daktari, na ule nyote mnaujua. Akasema hayo ni mambo ya biro, ya wakubwa wa ofisini, hayamhusu mgonjwa. Mstari wa kwanza ulikuwa neno moja.

"Kine," akasoma.

"Nini?" akauliza mama yake, Kanyange, aliyekuwa anaota moto.

"Imeandikwa Kine tu, Mama. Basi."

Sasa, pale nyumbani kwa Makuza, Kirolirwe, kwenye milima ya Masisi huko Kongo, watu huongea Kinyarwanda, na kwa Kinyarwanda "akine" ni acheze. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutafuta maana. Bibi Kanyange alimtazama Mukasine, mke wa mwanawe, akashika mdomo. "Yebabawe! Banasema acheze."

Mukasine alielewa papo hapo. Alijua waganga wanavyosema mtu akiwashinda: rudi nyumbani, kula unachopenda, salimia watu wako. Ndivyo walivyomwambia shangazi yake, na shangazi hakumaliza mwezi. Yeye wamemwambia acheze.

Miezi minane nyuma alikuwa amekatwa titi la kushoto huko Goma kwa sababu ya kansere. Kidonda kilipona vizuri. Lakini kila aliyekuja kumpa pole alimwonya asiguse kitu kwa mkono wa upande ule, asibebe, asifue, asimenye hata kiazi. Mukasine ni mtu wa kutii. Mkono ukakaa pajani kama mgeni, ukihudumiwa, halafu ukaanza kuvimba. Kwanza vidole, pete ya ndoa ikagoma kutoka. Kisha kiwiko. Mwisho hata blauzi ikakataa kupita. Akajiambia ugonjwa umehamia mkononi, akavaa sweta la mumewe ili wasione, na kwa baridi ya Masisi nani atakuuliza habari ya sweta?

Makuza alipogundua, alimrudisha Goma siku ileile. Daktari alimgusa shingo na kwapa, akampitisha kwenye mashine za picha, akaongea Kifaransa na mwenzake, akaandika ile karatasi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Alimpigapiga Mukasine begani akasema, "Ça va, Mama, ça va," yaani mambo sawa, na Mukasine akajiambia, huyu ananionea huruma tu.

Kuanzia hapo nyumba ikaingiwa na adabu ya ajabu. Makuza, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumuuliza mkewe anataka kula nini, sasa alimuuliza kila asubuhi. Bibi Kanyange, ambaye ulimi wake unajulikana hadi kijiji cha pili, aliongea polepole kama yuko kanisani. Mukasine akinyoosha mkono achukue kisu cha viazi, bibi anamnyang'anya. "Apana, apana! Weye cheza."

Acheze nini, jamani? Mwanamke wa miaka arobaini na tisa! Alikaa juu ya mkeka, akatazama ng'ombe wakipanda kilima asubuhi na wakishuka jioni, na mkono ukazidi kunenepa. Aliogopa sana. Aliogopa mchana, watu wakimchekea, kuliko alivyoogopa kabla ya kupasuliwa.

Wiki ya pili akaanza kugawa vitu vyake. Vitenge vya kwaya alimpa Bibi Kanyange, naye bibi alivipokea kwa machozi ya kweli, halafu baada ya siku mbili akavipeleka kwa fundi. Kilichobaki ni kisabo. Hicho ni kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa mpaka siagi itoke, cheusi kwa moshi wa miaka, alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Unakiweka pajani, unakisukuma na kukivuta, huku na huku, mpaka usikie maziwa yamebadili sauti. Akampelekea Isimbi, mke wa mwanawe Cyusa. Kukitoa kile kisabo kulimuuma kuliko titi. Isimbi alikipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi ya tatu, alasiri, moto, yaani pikipiki, ikaja ikilia mpaka mlangoni, akashuka mama mmoja wa makamo, kofia kichwani, begi mgongoni.

"Mama Mukasine njo weye?"

"Njo miye, ni miye mwenyewe."

"Miye naitwa Verdiane. Alhamisi tatu nakungojea kule santre ya afya! Goma walinitumia jina lako. Mbona haukuje?"

"Nije kufanya nini, dada? Banasema nicheze."

"Ucheze?"

Makuza akaitoa karatasi ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, alikokuwa ameihifadhi. Verdiane akasoma, akarudia, kisha akafunika mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Anacheka! Katika nyumba ile! Bibi Kanyange akasimama, na ulimi wake wa zamani ukamrudia wote.

"Weye mwanamuke, unacheka muntu anakufa?"

"Unisamehe, Mama. Unisamehe sana. Kiné njo miye."

Akaeleza. Kiné ni kifupi cha jina refu la Kifaransa la kazi yake: anafundisha viungo vilivyougua kufanya kazi tena. Daktari aliandika mgonjwa aende kwake, basi.

"Na mustari wa pili?" akauliza Makuza, kwa sauti ndogo.

"Wa pili unasema hakuna alama ya kansere kurudi."

Mukasine akamwomba aurudie. Akaurudia. Akamwomba aseme kwa Kinyarwanda, na Verdiane akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, neno kwa neno. Wiki tatu habari hiyo ilikuwa imelala ndani ya Zaburi, juu ya kabati, hatua nne kutoka kwenye mkeka wake. Mukasine alilia mpaka kamasi. Makuza akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Verdiane alimpima mkono kwa utepe. Akasema walipotoa titi walitoa na vitezi vya kwapani, na hapo ndipo maji ya mwili hupitia, kwa hiyo yamekwama. "Mukono ukilala, na maji inalala. Nyama za mukono zikifanya kazi, zinayasukuma. Sikudanganyi, Mama, hautapona siku moja. Hii iko kazi ya kila siku, maisha yote. Lakini mukono utapungua." Akamfunga bandeji, akamwonyesha kuinua mkono juu, kukunja ngumi na kuikunjua, kuzungusha mabega, kuvuta pumzi ndefu. Kisha akauliza, "Zamani ulifanya kazi gani kwa mikono miwili?"

"Kusukasuka maziwa."

"Onyesha."

Mukasine akakaa vizuri, akasukuma na kuvuta kisabo kisichokuwepo.

"Ile ile! Maziwa nusu tu, bandeji ikiwa mukononi, ukisikia uzito unapumzika. Na Alhamisi uje santre. Kuko bamama wengine, hata mumoja alikimbia vita toka Mpofi."

Kumbe kazi ilikuwa bado. Umeshagawa urithi, halafu hukufa: unaanzaje kuuomba? Mukasine alimtazama Bibi Kanyange, na Bibi Kanyange akajitazama kifuani, kwenye gauni jipya la kitenge.

"Hii ilishakuwa robe, mama Cyusa," akasema bibi. "Ilishakatwa. Lakini namushukuru Mungu, bya kweli."

Walicheka mpaka wakashikana.

Kwa Isimbi aliingia na haya, maneno ameyapanga njiani. Alimkuta amepiga magoti, anatikisa bido la plastiki la lita tano, jasho linamtoka, maziwa yanaruka ukutani. Kisabo kilikuwa juu ya moto, kimetundikwa kwa kamba, kinafukizwa moshi ili kisiharibike.

"Isimbi, mutoto wangu. Si nilikupa kisabo? Mbona unasukia bido?"

Isimbi akajifuta uso. "Kile kiko na mwenyewe, Mama."

Akakishusha, akamimina maziwa nusu, akamwekea pajani. Mukasine akakishika kwa mikono yote miwili, wenye bandeji na usio na bandeji, akasukuma. Mkono ulikuwa mzito, lakini ulikwenda na ukarudi.

Mlangoni akatokea Bibi Kanyange, na kwa mazoea ya wiki tatu akapayuka, "Acha kazi, weye! Cheza!"

"Hii njo kucheza kwenyewe, Mama," akajibu Mukasine, na hakusimama.