Siku Baba Alipokubali Ndoo

Mtaalamu wa matamshi aliinua ndoo yetu ya kupigia deki, akaipeleka hadi kwenye kochi alipoketi baba yangu, akamwuliza kwa heshima zote, "Mzee, unaitaka hii?"

Baba akaitazama ndoo. Akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu aliyesimama mlangoni na simu mkononi, kisha akatoa lile tabasamu lake la kumwondolea mtu tabu. "Haya," akasema, akanyoosha mkono kuipokea.

Mdogo wangu alicheka. Mimi nami nilikuwa karibu kucheka, lakini yule mama mtaalamu alikuwa hacheki. Aliiweka ndoo chini, akatugeukia.

"Tangu lini anakubali kila kitu?"

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Na mimi majibu ndiyo kazi yangu. Nakaa kwenye dawati la maulizo la hospitali kubwa, na wenzangu wananiita Bi Chapchap, jina ambalo nililipokea kama nishani. Mtu akija na "Samahani dada, naomba kuuli...", mimi nimeshamaliza: ghorofa ya pili, kushoto, mlango wa kijani. Nisipojua, kompyuta iko mbele yangu. Naandika herufi mbili tatu, yenyewe inanimalizia neno, nachagua la kwanza kabisa, basi. Mazoea hayo yamenifuata hadi nyumbani. Filamu haifiki katikati kabla sijatafuta inaishaje. Kitabu ndiyo usiseme, nasoma ukurasa mmoja na mkono umeshaingia mfukoni kutafuta simu, hata sijui natafuta nini.

Baba alipopatwa na kiharusi, mwili wake ulirudi haraka kuliko tulivyotegemea. Anatembea, anaoga, ananyoa ndevu mwenyewe. Maneno ndiyo yaliyobaki nyuma. Anajua vizuri anachotaka kusema, ila neno lenyewe linakwenda kujificha. "Nataka..." ataanza, na macho yatapanda darini kulitafuta. Sisi hatukumpa nafasi. Chai? Redio? Kulala? Mdogo wangu, ambaye hata kukata kitunguu hutafuta kwanza video, akampakulia programu ya picha ili aguse tu. Tulijiona watoto wema kweli kweli. Baba naye, mtu asiyependa kumsumbua hata inzi, akawa anachukua la kwanza tulilomtajia. Akanywa chai asizoziomba mpaka akakaribia kugeuka birika. Akavaa sweta jua likiwaka. Akalazwa alasiri, macho makavu, akihesabu misumari ya dari.

"Mnamkimbiza," alisema yule mama. "Akizoea kukubali mnachomtajia, ataacha kuyatafuta maneno yake. Asipoyatafuta, hayatarudi. Mtabaki na baba wa neno moja tu, haya."

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuandika kitu kwenye simu. Bila hata kumtazama, yule mama akamwambia, "Na hilo usilitafute humo. Mngojeeni. Ni hilo tu."

Ni hilo tu. Ungedhani ametuambia tufunge dirisha.

Jioni ile Baba aliweka kijiko chini akaanza, "Nataka..." na sisi tukakaa kama watu wanaopigwa picha. Mdomo uliniwasha. Maneno yalinijaa kinywani, chumvi, maji, kitambaa, kila moja likidai kutoka. Mdogo wangu alijiuma midomo, mwisho akashindwa, akainuka kwenda kuosha vyombo, jambo ambalo mama yetu, Mungu amrehemu, alilitamani maisha yake yote bila kuliona. Nami sikufika mbali. "Maji, Baba?" nikasema. "Haya," akasema. Nikamletea, akanywa yote, na glasi ilipokuwa tupu nilitamani kulia.

Usingizi ulikataa kuja, nikawa nawaza kazi aliyoifanya Baba hadi alipostaafu. Alikuwa msomaji wa prufu, mtu wa kusaka makosa, katika kiwanda cha uchapaji. Vitabu, kalenda, kadi za harusi, vyote vilipita machoni pake kabla ya kuingia mashineni. Alikuwa na kipande cha kadibodi cha kufunika mistari ya chini ili asiione kabla ya wakati wake. Kisha, raundi ya mwisho, alisoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja. Utotoni nilidhani anacheza. Nilipomwuliza, aliniambia, "Ukisoma kuanzia mwanzo, kichwa kinakujazia kile kinachokitarajia. Kosa liko pale pale na wewe umelipita, tena umeridhika." Nikaona jinsi nilivyokuwa nikimsoma baba yangu mwenyewe, kwa kumjazia.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilipiga moyo konde. Simu nikaitia kwenye sufuria kubwa jikoni, nikafunika. Nikaenda kukaa kando ya Baba, viatu bado viko mguuni.

"Nataka..." akaanza.

Nikakalia mikono yangu. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Jirani wa juu akaburuta kiti. Kidole gumba cha Baba kilikuwa kinapapasa mshono wa kochi, kikienda, kikirudi, na kidevuni mwake niliona kijeraha cha wembe ambacho bila shaka kilikuwapo tangu asubuhi. Nilikuwa sijamtazama usoni muda mrefu hivyo tangu alipotoka hospitali. Hapo simu ikalia ndani ya sufuria. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani na hasira zake. Baba akageuza kichwa kuelekea jikoni, akanirudia mimi kwa macho ya mshangao, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka naye. Simu ikalia mpaka ikachoka.

"Nataka kujua," akasema Baba. Kicheko kilikuwa kimelegeza kitu. Macho yakapanda darini tena, yakakaa huko. Nilimeza mate, nikangoja. "Leo... umeona nini?"

Sikuamini masikio yangu. Hilo lilikuwa swali la nyumba yetu. Tulipokuwa wadogo alituuliza kila siku tulipotoka shule, pale pale mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Ulitakiwa kutaja kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, si ulichoambiwa na mtu. Mdogo wangu alijaribu kupita kwa kutaja mawingu siku kadhaa mfululizo, mpaka Baba akamtaka aeleze wingu la leo lina tofauti gani na la jana. Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta siku zote hizi, kila niliporudi kutoka kazini. Nami nikawa nakifunika kwa chai na masweta. Niliona aibu, na niliona furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Nikafungua kinywa nimjibu.

"Nimeona watu, Baba," nikasema.

"Watu... gani?"

Sikujua. Siku nzima walikuwa wamepita mbele yangu, nami nilikuwa nimeona maulizo yao tu, tena nusu nusu. Baba akanipapasa mkono kama mtu anayemfariji mtoto aliyefeli mtihani mdogo. "Kesho," akasema. Neno hilo lilikuja bila kutafutwa.

Basi kesho yake nikaenda kazini na kazi mbili. Karibu na saa ya kutembelea wagonjwa akaja kijana mmoja amevaa viatu vipya, kibandiko cha saizi bado kimeng'ang'ania kwenye soli, na kifurushi cha nguo za kitoto kwapani. "Samahani dada, naomba kuuliza..." akasema, akanyamaza. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi: wodi ya wazazi, ghorofa ya kwanza, usivuke chumba cha dawa. Nikauma ulimi. Mwenzangu wa dawati alinitazama kama mtu anayetaka kuniita daktari. Mama mmoja kwenye foleni akasonya. Nikaendelea kumtazama yule kijana, naye akaendelea kutafuta.

"Kuna mahali naweza kukaa kidogo kabla sijaingia?" akauliza mwishowe. "Mke wangu amejifungua. Sasa mimi... sijui niingie na uso gani."

Swali hilo sikuwa nimewahi kuulizwa, au labda niliulizwa mara nyingi nikalikatiza njiani. Nilimwonyesha benchi lililo nje ya chumba cha kufulia, mahali penye jua la kiasi na watu wachache. Nikageukia foleni, lakini jicho langu moja lilibaki naye. Alikaa. Akainuka. Akasogea kwenye kioo cha dirisha, akajaribu tabasamu, akalifuta, akajaribu jingine lenye meno kidogo zaidi. La tatu likamtoka lenyewe, nadhani hakujua hata kama limetoka, na hapo akachukua kifurushi chake akapanda ngazi.

Siku hiyo nilihudumia watu wachache kuliko kawaida, na hakuna aliyepotea.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu alikuwa ameshatangulia, amekaa mkono wa kushoto wa Baba, simu magotini. Baba akaniona, akafungua kinywa. Mimi na mdogo wangu tukangoja. Safari hii neno lilichelewa zaidi ya jana, na mara moja nikaona "haya" ikimjia midomoni kama njia ya mkato, naye akaimeza, akaendelea kutafuta.

"Leo umeona nini?"

Nikakaa kwenye zulia mbele yake nikaanza kumweleza. Benchi, kioo, matabasamu matatu. Baba alinifuata kwa macho, polepole, kana kwamba ameshika ile kadibodi yake na hataki kuuona mstari wa chini kabla ya wakati wake. Nilijisikia vizuri, vizuri sana, kama mtu aliyerudi na kitu mkononi.

"Na viatu vyake, Baba, vilikuwa vipya kabisa," nikasema, "vina rangi ya... ya ile..."

Rangi nilikuwa naiona waziwazi. Jina lake ndilo lililopotea.

"Kahawia?" mdogo wangu akadakia, kidole kiko tayari juu ya simu. "Kijivu? Subiri nikuonyeshe rangi zote."

Baba akainua mkono, ule wa upande uliokuwa mzito tangu kiharusi, akauweka juu ya simu ya mdogo wangu, akaifunika.

"Mwache," akasema. "Mwache atafute."

Baba akaegemea kochi, akatulia, akaniangalia kama mtu mwenye jioni nzima. Nami nikainua macho darini, pale pale anapotazama yeye, nikaanza kuitafuta ile rangi.