Neno la Langoni

Siku niliyomshusha Otis kutoka kwenye trela mbele ya mazizi ya chuo, mtu wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Merritt.

"Huyo ni farasi au kabati la nguo?"

Alikuwa amekaa juu ya uzio, buti zinang'aa, anatafuna tufaha. Mimi simjui, yeye hanijui, na tayari tumeshachukiana. Kuna watu huhitaji muhula mzima ili wachukiane vizuri. Sisi tulimalizana kabla tufaha halijaisha.

"Ni farasi," nikamjibu. "Na huyo mweupe wako aliyevalishwa shuka ni nini? Mshumaa?"

Sijawahi kudai kwamba Otis ni mzuri. Ni mfupi, mpana, rangi ya vumbi, na sikio lake moja lilichanwa na seng'enge alipokuwa mdogo. Lakini ni farasi wa kazi, na kazi hiyo nilimfundisha mwenyewe. Nikitupa kamba ikamnasa ndama, naruka chini, na Otis anarudi nyuma peke yake, anaikaza kamba mpaka nimalize shughuli. Kwetu, mashariki ya Montana, mtoto wa mfugaji akienda chuo kikuu na farasi wake hakuna anayeuliza kwa nini. Wanauliza amebeba nyasi kiasi gani.

Mwaka ule nyasi hazikuwepo. Ukame ulikuwa umekausha hata mabwawa, na baba alikuwa ameuza nusu ya ng'ombe na farasi wote isipokuwa huyu mmoja. Tulipoagana alifunga mlango wa trela, akasema huku anaangalia tairi, "Lorna, binti yangu, huyu ukimrudisha sina cha kumlisha. Atakwenda mnadani." Farasi mzee mwenye sikio lililochanika ana mnunuzi mmoja tu mnadani, naye ana lori la kwenda Kanada, machinjioni. Baba hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiambia hali ilivyo.

Kwa hiyo Otis alipaswa kubaki chuoni, na kubaki kulikuwa na sharti. Kocha Dufresne, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya msumeno, alinieleza siku ile ile.

"Nafasi ya bure zizini ni ya farasi wa kura. Unajua kura?"

"Najua, Kocha."

"Nitakwambia hata hivyo."

Katika mashindano ya vyuo huchagui farasi. Chuo kinachoandaa ndicho kinachotoa farasi, majina yanatiwa kwenye kofia, unachovya mkono, na utakayempata ndiye utakayempanda. Hakuna kumjaribu. Unamkuta langoni ameshikwa na mwenyewe, na mwenyewe anakupa neno: huyu anaogopa miavuli, huyu usimchape, huyu anapenda kuongeleshwa. Maneno mawili matatu, unapanda, unaingia uwanjani. Neno la langoni halidanganyi hata kwa adui. Nimewaona watu wanaoibiana wapenzi wakipeana neno la langoni kama ndugu wa tumbo moja.

"Wanakuja hapa wapandaji wa kila aina," Kocha aliendelea. "Waoga, wabishi, viziwi wa makusudi. Farasi wangu anawavumilia wote. Mwaka jana nilikuwa na jike zuri sana. Mgeni mmoja akamvuta mdomo, jike likasimama kwa miguu ya nyuma, mgeni chini. Kosa lilikuwa la mgeni, kila mtu aliona. Unajua nani aliondoka?"

"Jike."

"Jike. Kesho yake."

Basi nikaanza kuishi na Merritt. Alikuwa ametoka Connecticut na farasi wake Valentino, mnyama mrefu aliyekuwa na daktari wa meno wake mwenyewe, wakati mimi meno yangu yaliangaliwa mara ya mwisho na baba kwa tochi. Malishoni, Otis alimnyoosha Valentino siku ya kwanza tu. Hakumwuma sana. Alimwonyesha nani anakunywa maji kwanza. Valentino akaelewa, farasi huelewa mambo haya haraka. Mwenye Valentino hakuelewa.

"Mwambie huyo punda wako amwache mwenzake anywe!"

"Mwambie mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye lafudhi nzuri?"

"Mshamba mkubwa wewe."

"Mshamba ndiye anayekulisha nyama, bibiye."

Nikakuta tandiko langu limeachwa uzioni usiku wa mvua. Yeye akakuta buti zake zinazong'aa zimejaa kile ambacho zizi halikosi. Akaenda kumwambia Kocha kwamba Otis ni hatari. Nami nikamwambia Kocha kwamba Merritt anamlisha Valentino sukari kisirisiri, jambo ambalo lilikuwa kweli, na akanyang'anywa sukari. Siku hiyo alinipita kwenye korido ya zizi akanibamiza bega, nami nikambamiza lake. Wenzetu wa timu waliacha kukaa katikati yetu mezani.

Otis, kwa upande wake, alikuwa anawapenda watu wote kwa usawa, jambo lililoniudhi. Wasichana wa mwaka wa kwanza walimpanda mazoezini na hakumwangusha hata mmoja. Nilikuwa nimewapa neno: legeza hatamu, kaa kimya, mguse shingo tu. Ukivuta hatamu anadhani kuna ndama kwenye kamba, atarudi nyuma. Na ukimchoma visigino huku umevuta, anadhani ndama anapigana, atarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Walisikia, wakapanda, wakashuka wanacheka.

Mashindano yetu yalikuwa mwezi wa kumi. Theluji ya kwanza ilishagusa milima, vyuo vitano vilikuja na mabasi yao, na wazazi walijaa kwenye viti na vikombe vya kahawa. Baba yake Merritt alikuwa amepanda ndege kuja, mzee wa koti refu, mkono mmoja mfukoni, anayeangalia saa kila mtu mwingine alipokuwa akipanda.

Merritt alichovya mkono kwenye kofia, akasoma, akakunja uso kama aliyetafuna limau.

Alikuwa amempata Otis.

Nikasimama langoni nimeshika hatamu. Alikuja kwa hatua za haraka, kofia ngumu imefungwa kidevuni, na wala hakuniangalia. Nakiri kwamba uongo ulinijia mdomoni ukiwa umeiva kabisa. Maneno mawili tu, naye angekula mchanga mbele ya baba yake. Lakini nyuma ya mchanga huo niliona lori, nikaumeza.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Legeza hatamu. Legeza kabisa, zining'inie. Usimguse na visigino. Ukitaka aende, mguse shingo, atakwenda mpaka ushangae."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akatabasamu.

"Hatamu zining'inie. Kwenye farasi nisiyemjua."

"Ndiyo."

"Mbele ya jaji."

"Merritt, ni neno la langoni. Siwezi..."

"Unaniona mtoto mdogo, eeh?" Akashika kikuku cha tandiko, akapanda. "Ungekuwa ni wewe umempata Valentino, unadhani ningekwambia nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye angedanganya. Na kwa kuwa angedanganya, hakuna namna ungemshawishi kwamba mwingine hadanganyi. Mwizi hufunga mlango kwa makomeo saba. Nikamng'ang'ania mguu.

"Nakuomba. Mchukie mwenye farasi, farasi msikilize!"

"Niachie buti yangu. Unazijua hizi buti."

Akaingia uwanjani, na alipopita lango alifanya kila nililomkataza, moja baada ya jingine, kwa nidhamu kubwa. Akafupisha hatamu mpaka shingo ya Otis ikapinda. Otis akasimama. Merritt akamchoma visigino. Otis akarudi nyuma hatua moja, akisubiri ndama atulie. Akamchoma tena, akavuta zaidi, na Otis wangu, mfanyakazi mwaminifu, akainama kwenye makalio akarudi nyuma kwa nguvu zake zote, haraka, akivuta ndama asiyekuwepo. Aligonga uzio kwa matako. Merritt akarushwa juu ya bega lake, akatua kifudifudi kwenye mchanga. Watu wakasema "Ooh!" kwa pamoja. Otis akasimama pale pale, hatamu zinaning'inia, akimsubiri mtu amalize kumfunga ndama.

Nilifika kwanza, Kocha akafika nyuma yangu. Merritt alikuwa mzima, anatema mchanga.

"Mtoe huyo farasi," Kocha akaniambia. "Kesho arudi kwenu."

"Kocha, amevuta hatamu! Nilimwambia alegeze! Nilimwambia kila kitu!"

"Na jike langu nalo lilivutwa. Nilikwambia siku ya kwanza, Lorna. Mbishi, mwoga, kiziwi. Anawavumilia wote au hafai."

"Hakuna aliyewahi kumvuta namna ile!"

"Kesho," akasema, na sauti ile ya msumeno ilikuwa imeshapita katikati ya ubao.

Ndipo baba yake Merritt alipofika uzioni. Hakuuliza kama ameumia. Alisema, "Miaka yote hii ya mafunzo, na unashindwa kumfanya farasi aende mbele?"

Sijawahi kumwonea Merritt huruma na sikumwonea siku hiyo, lakini niliona uso wake ulivyokuwa. Akajifuta mchanga, akaninyooshea kidole.

"Aliniambia nivute! Aliniambia nivute kwa nguvu na nimchome visigino, ati ndivyo alivyozoea! Amenidanganya langoni!"

Shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hata punda angemwonea haya. Uwanja mzima ulisikia. Nilifungua mdomo nimrarue, na maneno nilikuwa nayo, mengine ya baba yangu, mengine ya babu. Kisha nikamwona Kocha.

Alikuwa ameacha kumtazama Otis. Alikuwa ananitazama mimi, kwa namna ambayo hajawahi kumtazama mnyama yeyote.

"Kumbe," akasema polepole. "Basi huyu farasi alifanyiwa fitina. Hakuna farasi anayeweza kuushinda uongo wa langoni." Akanisogelea. "Ni kweli?"

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kama nilisema ukweli langoni, basi Otis amemwangusha mpandaji mbishi, na kesho anaondoka. Kama nilidanganya, basi mbaya ni mimi, na Otis hana kosa. Nafasi ya mwenye kosa ilikuwa moja, na mmoja wetu lazima akae hapo.

"Lorna. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Sasa hivi umeniambia ulimwambia alegeze."

"Nilikuwa naongopa, Kocha. Nilimwambia avute."

Nyuma yake Merritt alikuwa ameacha mdomo wazi, mchanga kwenye meno. Nadhani hakuna aliyewahi kumshangaza hivyo.

Kocha alinivua koti la timu pale pale, mbele ya vyuo vitano, kwa mikono yake. Sitashindana tena nikiwa chuoni hapo, akasema. Sitasimama langoni. Nitasafisha mazizi mpaka atakapochoka kuniona. Watu wa vyuo vingine walinipisha nilipotoka kama wanaopisha mgonjwa wa tauni, na msichana mmoja wa Wyoming, ambaye nilishindana naye tangu tukiwa watoto, alitema mate karibu na buti yangu. Otis akarudishwa kwenye kura mchana huo huo. Alipandwa na mvulana fulani mwenye miguu mirefu, aliyepewa neno sahihi na Kocha mwenyewe, akashika nafasi ya pili.

Merritt alinifuata zizini jioni. Nilikuwa na koleo mkononi, toroli limejaa.

"Kwa nini umekubali?" akauliza.

"Sogea, umesimama kwenye kazi yangu."

"Lorna, mimi sijaweza hata kula. Nitakwenda kwa Kocha. Nitamwambia kwamba ulinipa neno la kweli, nikalikataa. Nitamwambia sasa hivi."

Aligeuka, na alikuwa anamaanisha. Nilitupa koleo nikamkamata kola, nikamgandamiza kwenye ukuta wa mbao mpaka Valentino akarusha kichwa.

"Thubutu," nikamwambia. "Ukimwambia ukweli, mimi nitarudishiwa koti na farasi wangu atakwenda kuchinjwa. Umenielewa? Nyasi hakuna kwetu. Baba hana. Nataka uendelee kudanganya. Mtu akikuuliza, sema nilikudanganya. Asipokuuliza, sema hivyo hivyo. Sema kila mahali."

"Lakini watu watakuchukia."

"Wewe umeweza tangu siku ya kwanza bila sababu yoyote. Wape wenzako sababu."

Alilia. Nikamwachia kola, nikaokota koleo, kwa sababu toroli halijisukumi.

Kesho yake nilipita na sinia langu kwenye bwalo la chakula. Meza ya timu ilikuwa imejaa, na Merritt amekaa katikati, anasimulia kwa sauti ya kufika mpaka jikoni. Alisimulia vizuri, na mikono. Nilivyomshika mguu. Nilivyomnong'oneza avute. Aliponiona sauti ilimkatika kidogo, nikamkazia macho, akaendelea. Safari hii alikuwa ameongeza kwamba alipoanguka nilicheka.

Hilo sikumtuma. Niliketi peke yangu karibu na dirisha nikala viazi vyangu, na sikukanusha.