Bibi Ninaye Mmoja

Siku binti yake alipojifungua, Msusi alikuwa na miaka arobaini na saba, kiuno chembamba na nywele nyeusi tititi ambazo weusi wake yeye peke yake ndiye aliyejua ulikotoka. Muuguzi alitoka akamwambia, "Hongera bibi, ni wa kike." Msusi akageuka nyuma kumtazama huyo bibi. Alipokuta ukuta mtupu akasema, "Mimi si bibi. Mimi ni mama wa mzazi."

Jambo hilo akaligeuza sheria: mtoto atamwita anti. Binti yake akadhani ni utani.

"Anti wa wapi, mama, na wewe ndiye uliyenizaa?"

"Bibi ni mtu wa mkongojo. Mimi ni mwanamke wa makamo, tena makamo yenyewe nimeyaingia juzi. Wateja wakisikia naitwa bibi, nani atakuja saluni kwangu kutafuta ujana?"

Mkwe mwenzake, mama mzaa baba wa mtoto, hakuwa na makuu. Alikuwa fundi cherehani, wamepishana mwaka mmoja tu, ila yeye mvi zake aliziachia zitambe zipendavyo. Alipopakatishwa mtoto alisema, "Haya mjukuu wangu, bibi yako ndiye huyu," yakawa yamekwisha.

Miaka minne ikapita. Mtoto akawa msemaji hodari hata wakambandika jina la Chiriku. Wazazi wake wakienda kazini, alishinda kwa fundi, chini ya meza ya cherehani, akiokota vipande vya kitambaa. Kila alichosema kilikuwa na bibi ndani yake. Bibi kasema mvua itanyesha. Bibi hapendi kelele. Msusi akimpelekea doli, alipokea kwa mikono miwili, "Ahsante anti," kama anavyomshukuru mwenye duka, kisha akatimua mbio kumwonyesha bibi.

Hapo ndipo kijicho kilipomwingia Msusi. Kilianza kama mwiba wa kidole, kikapanda hadi rohoni. Saluni akawa anasuka huku anavuta, wateja wanashika vichwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba makaa hayo alijipalia mwenyewe.

Jumamosi moja aliachiwa Chiriku saluni. Akamkalisha kwenye kiti kirefu, akaanza kumchana.

"Chiriku, mimi nani yako?"

"Anti."

"Mimi ndiye niliyemzaa mama yako. Unaweza kuniita bibi."

Mtoto akamtazama kwenye kioo, akalipima ombi lile kwa haki kabisa. "Bibi ninaye mmoja," akasema. "Labda wewe uwe anti mkubwa."

Maneno yakamponyoka Msusi. "Yule si bibi. Yule ni kikongwe. Ajuza. Hata uzi hawezi kuupitisha kwenye sindano."

Alijua ni uongo, maana gauni alilovaa lilishonwa na huyo huyo fundi. Chiriku, mpenda maneno mapya, akalirudia polepole: "Ki-ko-ngwe."

Kesho yake familia ilikutana kwa fundi kwa chakula cha mchana. Sahani zikiwa mezani, Chiriku akauliza, "Bibi, wewe ni kikongwe?"

Kila mtu akamgeukia. Baba yake akamuuliza nani kamfundisha neno hilo.

"Anti. Na ajuza pia."

Binti akamtazama mama yake, na Msusi akatamani sakafu ipasuke. Lakini fundi alifuta mikono, akamvuta mtoto karibu. "Kikongwe ni mtu aliyeupita uzee akaendelea mbele. Mimi hata huo uzee ndio kwanza naupigia hodi. Nikifika kwenye ukongwe, wewe utanishika mkono." Kisha akachukua upawa, akampakulia Msusi wa kwanza.

Msusi angeona afadhali atukanwe. Kumbe hata kwa ustahamilivu mwenzake alimzidi, na hilo nalo akalionea wivu.

Walipotoka, binti yake alimwambia mlangoni, "Mama, jina ulilikataa kwa mdomo wako. Sasa unamchafua aliyelipokea?" Hakungoja jibu.

Siku ya tatu Msusi alifunga saluni asubuhi akaenda kwa fundi.

"Mkwe mwenzangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Yale yalikwisha Jumapili. Kaa."

"Sijamaliza. Nilikuonea wivu. Na bado nakuonea."

Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani. "Mwenye kiuno hicho anionee mimi wivu?" Wakacheka kidogo, kila mmoja akitazama pembeni. "Sikiliza," fundi akaendelea, "mtoto simkumbatii peke yangu. Lakini jina lile haliombwi. Njoo ushinde naye. Anatapika, analia, anauliza maswali mia kabla ya saa nne. Linatokea humo humo."

Tangu hapo kila Jumatano Msusi alishinda pale. Alifua nguo zilizokojolewa, akajibu maswali. Chiriku akaendelea kumwita anti, naye hakulitaja tena jina lile.

Jumatano moja mtoto alishikwa na homa. Mchana akazinduka, akaita, "Bibi." Wote wawili wakainuka. Mtoto akamnyooshea fundi mikono, akamning'inia shingoni, fundi akaketi naye kitandani.

Msusi akabaki amesimama na kitambaa cha maji. Wivu ukamfinya, ule ule, haukuwa umepungua hata chembe. Akakikamua kitambaa, akamwekea mtoto kwenye paji la uso, akakaa upande wa miguu. Baada ya muda Chiriku aliinyoosha miguu yake yenye joto, akaiweka mapajani mwa Msusi, akasinzia.