Mitungi Mitatu ya Taa

Swabaha alikuwa mshonaji wa kanzu, hajui la stima wala la taa. Lakini mwaka wa arubaini na saba, chama cha wanawake cha Sitara, pale Bondeni, kilipoazimia kuonyesha mchezo wa harusi ukumbini, mlango umefungwa na ndani wanawake peke yao, palitakikana mwanamke wa kushika taa. Mwenye kuzitengeneza alikuwa Kamaludin, kakake Swabaha, fundi wa stima kwenye maghala ya Shimanzi. Basi Bi Mwanakhamis, mkubwa wa chama, akamtazama Swabaha akasema, "Tumbo ni moja. Huyu atafundishika."

Kamaludin alikuwa amepanga mitungi mitatu ya maji ya chumvi: mmoja wa taa nyekundu, mmoja wa buluu, mmoja wa nyeupe. Ndani ya kila mtungi chuma kimoja kimelala chini, cha pili kinaning'inia kwa kamba iliyopitishwa kwenye kigurudumu cha kapi. Ukikishusha cha juu, stima yapita majini na taa zawaka sana. Ukikivuta juu, zafifia. Nyuma ya kila kamba palikuwa na ubao wenye mistari ya chaki, mmoja hadi kumi, na kwenye karatasi ameandika kila onyesho lataka mstari upi.

"Wewe usifikiri kitu," alimwambia. "Fuata karatasi. Maji usiyaguse, na usishuke kwenye huu mkeka wa mpira unaousimamia."

"Na jukwaa nitalionaje?"

"La nini? Nimeshapima mimi."

Maana mitungi ilikuwa kwenye chumba cha pembeni, karibu na sanduku la fyuzi, na baina yake na jukwaa pana ukuta mzima.

Siku ya Jumamosi, baada ya alasiri, yakaanza mazoezi ya mwisho; mchezo wenyewe ulikuwa kesho yake, na tena Jumapili itakayofuata. Onyesho la kwanza likaenda sawa. La pili likapita. La tatu ndilo la alfajiri: bibi harusi anaamka peke yake, kiza bado, na mwangaza waingia kidogo kidogo. Swabaha akasoma karatasi, buluu mstari wa tatu, nyekundu wa pili, akavuta kamba zake kwa adabu zote.

"Swabaha!" Sauti ya Bi Mwanakhamis ikapita ukutani. "Hiyo ni alfajiri au adhuhuri?"

Akatazama mistari. Kamba zipo pale pale palipoandikwa. Akavuta kidogo.

"Sasa hatuoni hata pua zetu!"

Akashusha. Huko wakacheka. Jasho likamtiririka mgongoni, na mtungi wa buluu ukawa unatoa mvuke kama sufuria ya wali. Akatoka mlango wa nyuma, ambako Kamaludin alikuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa.

"Kaka, mistari yako haisemi kweli."

"Umesoma vibaya."

"Nimesoma kama ulivyoandika. Na maji yachemka."

Kamaludin akafikiri. "Zima swichi kubwa, kisha ongeza maji baridi."

Akazima, akaongeza. Alipowasha tena, taa za buluu zikawa kama makaa yanayokufa. Akarudi barazani. "Tia chumvi," akaambiwa. Akazima, akatia konzi mbili. Alipowasha, fyuzi ikakatika, ukumbi mzima ukawa giza, na wanawake thelathini wakapiga ukelele kwa pamoja. Kamaludin akamwambia, kwa dirisha, namna ya kutia fyuzi nyingine, na neno lake la mwisho likawa lile lile: fuata karatasi.

Swabaha aliirarua karatasi pale pale. Machozi yalikuwa karibu, na hayakuwa ya huzuni. Kilichomkera zaidi ni kwamba huko jukwaani kila mtu aliamini kosa ni lake. Hata Nyevu, mwanamke wa Kigiriama aliyeigiza mama wa bwana harusi na ambaye hakuwa na ulimi mkali, alimpitia na kumwambia taratibu, "Pole dadangu. Si kila mtu ana mkono wa mambo haya."

Wanawake walipokwenda zao kuiwahi maghribi, Swabaha hakwenda. Alimwita kakake ndani.

"Kamata kamba," akamwambia. "Mimi nitakuwa jukwaani. Nifanyie alfajiri. Bila kutazama."

"Karatasi iko wapi?"

"Si wewe uliyeiandika? Imo kichwani mwako."

Maji yalikuwa bado ya moto. Kamaludin akaweka buluu mstari wa tatu, nyekundu wa pili, akauliza kwa sauti kubwa, "Vipi?"

"Njoo uone."

Akaja, akasimama katikati ya jukwaa lililong'aa kama uwanja wa mpira wakati wa jua kali. Akajikinga macho kwa mkono.

"Nilipopima yalikuwa baridi," akasema hatimaye. "Yakipata moto, stima yapita kwa wingi. Nilisahau hilo."

"Basi mitungi ihame. Nataka kuliona jukwaa hili kwa macho yangu, au kesho utafute mwengine."

"Waya haufiki!"

"Uongeze. Wewe ndiye fundi."

Alinung'unika, akasema mengi juu ya wanawake na juu ya bei ya waya, lakini Jumapili asubuhi yeye na wachukuzi wawili waliihamisha mitungi hadi pembe ya jukwaa, nyuma ya pazia lenye mwanya.

Alasiri ile, mchezo ulipoanza, Swabaha hakusoma mstari hata mmoja. Alitazama uso wa bibi harusi, na kila maji yalipozidi kupata moto naye alivuta kamba kidogo, kidogo. Alfajiri ikaja. Si nzuri kama ilivyostahili, maana kamba ya nyekundu ilikwama, kisha ikaruka kabla ya wakati wake, na mikono ilimuuma hadi mabegani; lakini ilikuja.

Vigelegele vikapigwa, vyote kwa ajili ya nguo ya bibi harusi. Hakuna aliyetaja taa. Kamaludin alikuwa nje, anangoja.

"Imekwendaje?"

"Nyekundu yako ina kapi linalokwama," alisema Swabaha, akampita bila kusimama. "Litengeneze kabla ya Jumapili ijayo."