Mashine Nyepesi Kuliko Zote

Dereva wa mashine ya kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu alivunja kiti kingine Jumatatu, wakati wa chai. Mkewe alifagia vipande, akamsogezea gogo.

Sababu ilijulikana. Kampuni mbili za matrekta ziliona wakulima hawanunui kama zamani, zikageukia gofu. Huko nguvu si sifa. Nyasi zile zinadeka kuliko kitindamimba. Gurudumu likizikandamiza kidogo tu, mpira unapinda na mwenye mpira ananuna. Basi kampuni moja ikaleta mashine nyepesi. Nyingine ikaleta nyepesi zaidi. Ya kwanza nayo haikukubali kushindwa. Chuma kilikuwa kilekile, injini ileile, ila mashine ikipita hata umande hautikisiki. Sasa uzito nao haupotei hivihivi, jamani. Ulimngoja dereva chini, akishuka unampanda.

Alimweleza meneja wa uwanja. Meneja, mtu mpole, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba asikanyage nyasi, apite kwenye njia ya zege.

"Na zege likipasuka, bosi?"

"Zege tutaziba, bwana."

Muuzaji wa mashine alikuja na mzani, akampima, akafurahi kweli. Madereva wa wapinzani hawakufikia hata nusu yake. Wenzake kazini walimwambia avumilie, na walisema kwa moyo mmoja, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kulala sakafuni hakukumsumbua. Kilichomuuma, tena sana, ni binti yake mdogo, aliyezoea kusinzia akiwekewa mkono wa baba mgongoni. Siku moja mtoto aliamka na alama ya vidole vitano, nyekundu, na kifua kinamuuma. Tangu hapo dereva alilala ameilalia mikono yake mwenyewe.

Klabu ikatangaza majaribio ya mwisho, yatakayoamua nani auze. Dereva alimwambia mkewe kwamba safari hii hapandi.

"Usipopanda?"

"Atapanda mwingine."

"Ana watoto huyo mwingine?"

"Nani hana, mama watoto?"

Mkewe akaendelea kuchambua mchele. Siku ya majaribio dereva akapanda. Mashine ilipita juu ya nyasi bila kuacha hata mstari, wakubwa wakapiga makofi, na klabu ikaagiza nyingine za aina ileile. Kampuni iliyoshindwa ilipeana nao mikono vizuri, ikaahidi kurudi na nyepesi zaidi. Dereva aliposhuka, zege lilimmeza mpaka vifundoni. Wakamchomoa kwa trekta la zamani.

Jioni alimkuta binti yake amejilaza kifudifudi kwenye mkeka, anasubiri. Dereva akakaa mbali, karibu na mlango.

"Baba amechoka leo," mkewe akasema, akamwekea mtoto mkono wake yeye.

Mtoto akafumba macho.

"Huu mwepesi," akasema.