Jina la Mkata Kamba

...na bado akajipa moyo kwamba si yeye, duniani wawili wawili, mtandao huohuo sasa hivi tu ulimletea mchezaji mpira na muuza magodoro wenye jina la babu wa baba yake, kwa nini usikosee na hapa, lakini chini ya picha palikuwa na jina la babu huyo, la baba mzazi wa babu, la kijiji chao, na hilo paji la uso, mama wee, ndilo hili lililolala mkononi mwake, mwanawe mchanga ameshiba maziwa na kumlemaza mkono wa kushoto, akijitikisa tu ataamka, basi akabaki palepale, kidole kikiikuza picha, watu wamefungwa shingo kwa shingo, na mwisho wa kamba uko mkononi mwa babu... "Umempata?" baba yake aliuliza kutoka sebuleni, naye akajibu, "Bado, baba, mtandao mzito," uongo wa kitoto, Mkata Kamba, mateka aliyekata kamba yake akawafungua na wenzake, hakuna harusi wala msiba ambapo mzee hakuisimulia hadithi hiyo, na kesho mtoto anapewa jina hilo mbele ya ukoo mzima, masufuria yameshaazimwa, na hapa wameandika mnyapara wa msafara wa watumwa, bila haya... alikuwa darasa la nne alipouliza, "Baba, alikata kwa kisu gani?" na baba akainuka kwenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa... akisema atamuua mzee wa watu, akinyamaza mwanawe ataitwa hivyo na kuitika maisha yake yote, na hawa wa kwenye kamba, yule binti wa mwisho anayetazama kamera, majina yao hayakuandikwa, wajukuu zao waanzie wapi kuwatafuta, alitaka kulia na hata kulia kungemwamsha mtoto... "Umempata?" "Nimempata, baba. Ana picha." Akangoja kusikia kandambili, mzee huyu aliyeapa miaka yote kwamba angetoa jicho moja amwone babu yake kwa lile lililobaki, sasa ni kuvuka korido tu, lakini kandambili hazikuja, kilichokuja ni sauti ya chini, "Haya. Zima simu, mwanangu, mtoto apumzike," na hapo akajua kwamba mzee alijua, alijua siku zote, hakutaka babu atafutwe, alitaka tu ahakikishiwe kwamba hapatikani, na huruma yote aliyokuwa nayo ikamwisha, akamtazama huyu waliyemchagua alibebe jina hilo ili lisafike, amelala, mdomo wazi, hata shingo haijakaza.