Maganda ya Kinkina

Mume wangu Bashige anaongoza kwaya ya parokia, na masikio yake ndiyo fahari yake. Ukikosea noti moja katikati ya watu arobaini, atakuonyesha kwa kidole. Mimi naimba alto. Nimeonyeshwa kidole mara nyingi kuliko Yuda.

Malaria ilipomkamata wiki mbili kabla ya Pasaka, alinunua vidonge vya kinini kwenye duka la dawa mtaani Birere. Angeishia hapo, tungesalimika. Lakini sisi watu wa upande wa Bukavu hatujui kuugua bila maganda ya mti wa kinkina. Dada yake alituma kiroba cha maganda kwa boti la ziwani, na Bashige akawa anayachemsha asubuhi na jioni, machungu kama nyongo, akishushia vidonge.

"Papa Christa, dawa mbili?" nilimuuliza.

"Kidonge ni ya farmasi. Hii ni ya muti tu, haina kemikali. Haiwezi kuua mutu."

Siku ya tatu masikio yakaanza kumlia ngiii. Mwingine angeogopa. Yeye alifurahi, kwani marehemu baba yake alimfundisha kwamba sikio likiimba, dawa imekamata. Kadiri lilivyoimba, ndivyo alivyoongeza kikombe. Nilificha kiroba, akakiona. Nikamfokea mpaka majirani wakatoka nje; akaniuliza nanong'ona nini. Hasira zote ziliniisha, nikaogopa.

Nikampeleka hospitali pamoja na kiroba chake. Daktari Kahindo alinusa maganda, akatikisa kichwa.

"Mama Christa, kinini inatoka mu ganda hii hii. Amekunywa dawa moja mara mbili. Kidogo inaponyesha, mingi ni sumu. Masikio ilikuwa inamuambia aache."

"Itarudia kusikia?"

"Tungojee."

Malaria iliisha kabisa, tuseme ukweli. Masikio hayakurudi. Jumapili ya Pasaka alikataa kubaki nyumbani, na nani angemkataza, kwa sauti gani? Alisimama mbele yetu na shati jeupe, akainua mikono, tukaanza Aleluya. Nshobole, soprano wetu, akamtazama, akaacha kuimba akalia. Wa pili akanyamaza, wa tatu, kisha wote. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Bashige aliendelea. Aliita besi, akatuliza tenori, akafunga mstari wa mwisho kwa ngumi, taratibu, kama anavyopenda. Kanisa lilikuwa kimya. Akashusha mikono, akanitazama huku anatabasamu.

"Leo hakuna hata mumoja amekosea," akasema, kwa sauti kubwa mno.